Askari na Mpaka Wake

Asubuhi ya Alkhamisi, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, wakamtoa nje, wakamtia garini na kuondoka naye. Yalitendeka hayo mchana kweupe, katika jengo ambalo raia hukimbilia anapodhulumiwa. Hakurudi tena, na hata leo mwili wake haujapatikana.

Serikali ya Jenerali Idi Amin ilikana kuhusika. Lakini muda mfupi kabla ya siku hiyo palikuwa na kesi iliyozungumzwa sana. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza alikuwa amekamatwa na wanajeshi na kuwekwa katika kambi ya polisi wa jeshi ya Makindye. Shauri lake lilipofikishwa Mahakama Kuu, Kiwanuka aliamuru mtu huyo aletwe mbele yake, kisha akaamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata na kwamba aachiwe. Wanahistoria hutaja sababu nyingine pia, khasa hofu ya Amin juu ya mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na aliyekuwa bado na wafuasi wengi. Hata hivyo, hukumu ile ndiyo inayotajwa kwanza. Katika nchi nyingine na wakati mwingine hukumu ya namna hiyo ingeingia katika vitabu vya mahakama na kusahauliwa na wote wasiokuwa mawakili. Kampala ya 1972 haikuwa hivyo.

Makala haya yanahusu mpaka aliouonyesha Jaji yule: mpaka uliopo baina ya mamlaka ya jeshi juu ya askari wake na mamlaka ya nchi juu ya raia. Yanahusu pia Kiswahili, kwa kuwa waliouvuka mpaka huo walikuwa wakizungumza Kiswahili walipokuwa wakiuvuka, na Waganda wengi hawajalisahau jambo hilo.

Neno na safari yake

Neno "askari" limetoka katika Kiarabu, likakaa pwani, likazoeleka. Katika miji ya pwani askari alikuwa mtu wa kutumwa. Kadhi alihukumu, liwali alitawala, na askari alikwenda pale alipoambiwa aende. Angeweza kuwa na upanga au bunduki, angeweza hata kuogopwa kuliko waliomtuma, lakini kila mtu alifahamu kwamba nyuma yake yuko mwenye amri, na huyo mwenye amri ndiye wa kuulizwa.

Kiswahili kilifika Buganda pamoja na misafara ya biashara. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetoka Unguja, anakumbukwa kuwa alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, na kwa miaka mingi baada yake lugha hii ilikuwa ya biashara, ya madrasa na ya wageni wa Kabaka. Lau ingebaki hapo, historia yake nchini humo ingekuwa nyingine. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 ilipewa kazi mpya. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaajiri askari wa Kisudani waliosalia nyuma baada ya Emin Pasha kuondoka katika jimbo la Ikweta. Hao na wenzao, waliokuja kuitwa Wanubi, wakawa msingi wa jeshi la Mwingereza nchini Uganda. Mwaka 1902 vikosi vya Afrika Mashariki viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo Waswahili walilifupisha wakaliita Keya. Ndani ya Keya walikusanywa watu wa makabila mengi wasiofahamiana kwa lugha za mama, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha: gwaride kwa Kiswahili, amri kwa Kiswahili, matusi ya sajini kwa Kiswahili.

Ndivyo ilivyotokea kwamba pwani mtoto alikisikia Kiswahili kwanza katika bembea ya mamake, ilhali mtoto wa Buganda aliweza kukisikia kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye sare. Pwani ilikuwa lugha ya utenzi, ya harusi na ya dua. Bara ile ikawa lugha ya kambi.

Idi Amin alijiunga na Keya mwaka 1946. Kiwanuka naye aliwahi kuwa askari. Alitumikia majeshi ya Mwingereza katika Vita Vikuu vya Pili, na vita vilipokwisha alifanya kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda. Kwa hiyo mmoja alivaa sare katika miaka ileile ambayo mwengine aliivua. Mkalimani yule alikwenda kusoma Basutoland, kisha London, akawa wakili mwaka 1956. Aliongoza Chama cha Demokrasia, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962 kwa muda mfupi kabla ya uhuru, akashindwa katika uchaguzi, na mwaka 1969 akatiwa kizuizini na serikali ya Milton Obote. Aliyemfungulia mlango wa jela ni Amin mwenyewe, mara tu baada ya kuipindua serikali hiyo tarehe 25 Januari 1971, na ni Amin pia aliyemteua kuwa Jaji Mkuu katika mwaka huohuo. Watu walishangilia. Waliona kwamba mwanajeshi aliyemtoa mwanasheria gerezani na kumkalisha juu ya kiti cha hukumu hana nia mbaya na sheria.

Polisi wa jeshi na kazi yao

Ili kuielewa hukumu ya Kiwanuka, yafaa kwanza kuuliza polisi wa jeshi ni nani. Jeshi lolote ni mji unaotembea. Lina watu maelfu, lina silaha, lina fedha, lina walevi na wezi wake, na lina wanaotoroka. Raia wanaoishi karibu na jeshi wameteseka tangu zamani kwa mikono ya askari wasiodhibitiwa. Ndiyo maana majeshi yakaweka askari wa kuwachunga askari. Katika jeshi la Uingereza, ambalo ndilo lililoyazaa majeshi ya Uganda, Kenya na Tanganyika, polisi wa farasi na polisi wa miguu waliunganishwa kuwa kikosi kimoja mwaka 1926, na kofia zao nyekundu zilijulikana katika kila mji wenye kambi. Kazi zao ni kuwasaka watoro, kuongoza misafara ya magari ya jeshi, kulinda mateka, kupeleleza makosa yaliyotendwa na wanajeshi, na kumwondoa askari mlevi barabarani kabla hajamdhuru mtu.

Mamlaka yao, basi, humfuata mtu na hayafuati ardhi. Polisi wa kawaida ana mamlaka juu ya kila aliyemo nchini. Polisi wa jeshi ana mamlaka juu ya wale tu waliomo chini ya sheria ya jeshi, popote walipo. Akimkuta raia akitenda kosa mbele ya macho yake, aweza kumzuia, kama raia yeyote awezavyo kumzuia mwizi, na kumkabidhi kwa polisi haraka. Zaidi ya hapo hana lake. Hawezi kumwita raia kambini, hawezi kumweka mahabusi, hawezi kumhoji juu ya siasa yake wala biashara yake.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Askari amefunzwa kutii kwanza na kuuliza baadaye, kwani vitani hapana nafasi ya majadiliano. Polisi na hakimu wamefunzwa kinyume chake: kuuliza kwanza, kuandika, kumsikiliza mshitakiwa, kumpa dhamana, kungoja ushahidi. Raia akikabidhiwa kwa mtu wa amri, huwa amewekwa mbele ya watu ambao kazi yao haina nafasi ya jibu lake. Kwa hiyo mpaka huu uliwekwa kumlinda raia, na ulimlinda askari pia. Askari mwenyewe akipewa madaraka yasiyokuwa na mwisho hupotea, kwa sababu hapana tena wa kumwambia kwamba amefika.

Dikrii na milango mitatu

Amin hakuuvunja mpaka huo kwa bunduki peke yake. Aliuvunja pia kwa kalamu, na hilo ndilo lifaalo kuzingatiwa zaidi. Baada ya mapinduzi, Bunge lilivunjwa na Amin akachukua uwezo wa kutunga sheria kwa dikrii. Mwaka uleule wa 1971 ilitolewa Dikrii namba 13, iliyowapa wanajeshi uwezo wa kuwakamata raia. Si lazima tena polisi awepo. Askari wa kawaida aweza kumkamata mtu anayemshuku kwa makosa ya kuvunja amani, ya kudhuru watu au ya kuchukua mali, na aweza kutumia nguvu katika kufanya hivyo. Sababu iliyotajwa ilikuwa ujambazi. Kampala ya miaka ile ilisumbuliwa kweli na majambazi wa silaha, walioitwa kondo, na wako watu wema waliodhani kwamba dawa kali ndiyo iliyotakiwa.

Huo ulikuwa mlango wa kwanza, wa kukamata. Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 1972 kwa Dikrii namba 8, iliyozikataza mahakama kutoa uamuzi dhidi ya serikali, au dhidi ya mtu aliyetenda kwa idhini yake, kwa jambo lililofanywa kwa ajili ya kulinda amani na usalama. Maana yake ni kwamba askari akikosea, hashitakiki. Mlango wa tatu ulifuata mwaka 1973, pale raia walipoweza kupelekwa mbele ya mabaraza ya hukumu ya kijeshi, na mwaka 1975 wafanyabiashara nao wakawekewa baraza la makosa ya uchumi, lililokaliwa na wanajeshi, kwa hatia kama kulangua bidhaa na kuficha mali.

Tazama mpangilio wake. Askari anakamata, askari hashitakiwi, askari anahukumu. Ile njia ndefu aliyokuwa akipita raia kutoka mkononi mwa polisi hadi kwa hakimu, yenye vituo vya kupumzikia na watu wa kuulizwa, ilifupishwa ikawa chumba kimoja. Kila dikrii ilikuwa na namba, ilikuwa na mwaka, ilichapishwa kama sheria zichapishwavyo. Aliyezisoma moja moja angeweza kusema kwamba kila moja ina sababu yake. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakutaja kwamba ufa mwengine huchorwa na fundi mwenyewe.

Wanajeshi walikuwapo wa aina nyingi katika kazi hiyo. Palikuwa na polisi wa jeshi, makao yao Makindye. Palikuwa na kikosi cha usalama wa raia kilichokaa Naguru, kilichoanzishwa kwa jina la kupambana na majambazi. Palikuwa na idara ya upelelezi ya Nakasero, ambayo watumishi wake walivaa nguo za kiraia na kuendesha magari ya kiraia. Raia aliyekamatwa hakuweza kujua amechukuliwa na nani kati ya hawa, wala jamaa zake hawakujua waende kuuliza wapi. Makindye palikuwa na chumba kilichopewa jina la Singapore, kwa kuwa Obote alikuwa Singapore siku aliyopinduliwa na hakurudi. Aliyetiwa humo hakutarajiwa kurudi. Katika jina hilo moja mna kejeli ya watu waliokwisha kusahau kwamba kazi yao ya asili ilikuwa kumzuia askari asimdhuru raia.

Ndani ya hali hiyo Kiwanuka alitoa hukumu yake. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu mno. Mwezi Agosti 1972 Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Tarehe 17 Septemba wapinzani wenye silaha waliingia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa, na serikali ikaanza kumwona adui katika kila mtu mwenye elimu na jina. Siku nne baadaye Jaji Mkuu alichukuliwa. Mwezi uliofuata alipotea Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kama hakimu wa hakimu wote aweza kutolewa ofisini bila ya hati, mkulima wa Masaka au mwenye duka wa Jinja angesema nini?

Tume ya waliopotea

Wanawake ndio waliosema. Wake na mama za waliopotea walizunguka kutoka kambi hadi kambi na kutoka ofisi hadi ofisi. Watu waliopotea walikuwa wengi hata mwaka 1973 serikali ikatunga dikrii ya kusimamia mali za watu wasiojulikana walipo, ili jamaa waweze kulipa ada za watoto na kukusanya kodi za nyumba. Serikali iliyokana kwamba inawapoteza watu ilikuwa imekiri katika sheria zake kwamba wamepotea.

Mwezi Juni 1974, kwa shinikizo la nje na la ndani, Amin aliunda tume ya kuchunguza upotevu huo. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied, na pamoja naye waliketi maofisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi. Wengi walidhani kwamba tume ya namna hiyo ingeisafisha serikali. Haikufanya hivyo. Ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika khabari za watu 308 waliopotea. Ilivitaja vikosi vya Naguru na Nakasero kuwa ndivyo vyenye dhima kubwa, ikawataja polisi wa jeshi pia, na ikaeleza jinsi madaraka ya kukamata waliyopewa wanajeshi yalivyotumiwa kinyume cha haki.

Yafaa kuukumbuka ushujaa wa tume hiyo. Mashahidi walikuja na kutaja namba za magari na majina ya kambi, hali wanajua kwamba wanaotajwa wako huru mitaani. Makamishna waliyaandika maneno hayo katika nchi ambayo Jaji Mkuu wake alikuwa amechukuliwa miaka miwili kabla. Ripoti haikutolewa kwa wananchi, na mauaji hayakukoma. Lakini karatasi zilibaki, na mtu akizisoma leo anakuta humo jambo lilelile alilolisema Kiwanuka: askari alipewa kazi isiyokuwa yake.

Lugha ya amri

Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Mpenzi wa lugha hii akiisoma khabari hiyo peke yake aweza kufurahi. Lakini lugha haitangazwi katika hewa tupu. Waganda waliosikia tangazo hilo walikuwa wakikisikia Kiswahili vizuizini barabarani, usiku mlango unapogongwa, na kutoka kwa mtu anayeamuru gari lisimame. Walikijua kwa vitenzi vya kuamrisha: simama, toka, leta, lala chini. Ni lugha ile yenye methali za subira na adabu za kubisha hodi, lakini wao hawakuwahi kusikia hodi, kwa kuwa waliokuja hawakubisha.

Haikwisha kwa Amin. Mwezi Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia Kagera, vita vikaja, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yakaingia Kampala. Hawa nao walizungumza Kiswahili. Waganda walichukua neno mkombozi, wakalitia katika lugha yao, wakawaita askari wale bakomboozi. Kwa muda mfupi lugha ilionekana kuoshwa. Lakini katika miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Obote, raia wa Kampala walizungukwa mitaani na wanajeshi na kupakiwa kwa wingi katika malori, na msako huo ukapewa jina la Kiswahili ambalo hadi leo mzee wa Kampala akilisikia hunyamaza: panda gari.

Maneno mawili tu, na yote mawili ni ya kila siku. Mama wa Mkunazini humwambia mwanawe panda gari anapompeleka skuli. Neno lenyewe halina kosa. Kosa ni la yule aliyelitia mdomoni bila ya kuwa na haki ya kuamrisha.

Wala watu wa visiwani hawana sababu ya kulitazama jambo hili kama la majirani peke yao. Unguja na Pemba nazo zimewahi kutawaliwa kwa dikrii baada ya Mapinduzi ya 1964, na tangu 1970 zilikuwa na mahakama za wananchi ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Waliopitia wakati huo, na wengine wangali hai, wanafahamu bila ya kufundishwa tafauti iliyopo baina ya mamlaka na nguvu. Kiswahili kimeyatenganisha maneno haya mawili. Nguvu aweza kuwa nayo yeyote, hata ng'ombe anayo. Mamlaka lazima yatoke mahali, yapewe mtu, na yawe na kipimo.

Mahakama ileile

Katiba ya Uganda ya 1995 iliandikwa na watu walioyajua yote haya. Lakini sheria ya jeshi ya 2005 iliacha mlango: raia aliyekutwa na silaha au vifaa vya kijeshi, au aliyeshirikiana na mwanajeshi katika kosa, aliweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Na mwezi Novemba 2005 historia ilirudi katika jengo lilelile. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa dhamana watu walioshitakiwa kwa uhaini, na watu wenye silaha waliovaa nguo nyeusi wakaizunguka mahakama ili wawakamate upya. Mwezi Machi 2007 wanajeshi waliizingira tena. Jaji Kiongozi wa wakati huo, James Ogoola, ambaye pia ni mshairi, aliulaani uvamizi wa kwanza hadharani na akautungia shairi. Hilo lina maana yake kwa wapenzi wa ushairi: jaji mwenye uwezo wa kuandika hukumu aliona kwamba kuna jambo ambalo hukumu haitoshi kulisema.

Hatimaye, tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua katika kesi ya aliyekuwa mbunge, Michael Kabaziguruka, kwamba kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na ikaamuru kesi za namna hiyo zihamishiwe katika mahakama za kiraia. Miaka 52 na zaidi ilikuwa imepita tangu Kiwanuka kutolewa ofisini kwake. Furaha haikudumu. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya jeshi, Rais Yoweri Museveni akayatia saini, na raia wakaweza tena kupelekwa mbele ya mahakama za kijeshi katika hali zilizotajwa kuwa maalumu.

Kwa hiyo jambo hili halijawa historia tupu. Mpaka aliouonyesha Kiwanuka unabishaniwa leo na mawakili wa vizazi viwili baada yake, na hoja za kila upande ni zilezile: usalama wa nchi kwa upande mmoja, na kwa upande mwengine swali la nani anamchunga mchungaji.

Swali

Katika miaka hii Kiswahili kinarudi Uganda kwa njia nyingine. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika skuli. Walimu watahitajika, vitabu vitahitajika, na bila ya shaka mashairi. Ni furaha kubwa kwa kila anayeipenda lugha hii. Lakini watakaokwenda kuifundisha huko wajue kwamba hawaendi katika shamba ambalo halijalimwa. Babu wa mwanafunzi tayari anajua Kiswahili kidogo, na alijifunza akiwa amelala kifudifudi kando ya barabara. Hatolewi jambo hilo moyoni kwa kuambiwa kwamba lugha ni tamu.

Labda ingefaa somo lianze na lile ambalo wenye bunduki hawakulifundisha. Kwa miaka mingi Waganda walifunzwa nusu moja ya Kiswahili, ile ya kuamrisha. Nusu ya pili ni ya kuuliza. Katika mji wa zamani wa pwani, askari alipofika mlangoni mwa mtu, mwenye nyumba alikuwa na haki ya kumwuliza kabla hajamfungulia: umetumwa na nani? Askari alilazimika kujibu, kwa sababu askari asiyekuwa na aliyemtuma ni mtu mwenye silaha tu.

Hilo ndilo swali alilouliza Benedicto Kiwanuka mwezi Septemba 1972, aliposema kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata mtu yule. Aliliuliza kwa Kiingereza cha mahakama. Kwa Kiswahili linatamkika kwa maneno matatu, na mtoto wa darasa la kwanza aweza kulihifadhi.